Upande wa Kinanda

Wageni waliokuja kumwona mchungaji mstaafu walikuja na sukari na futi ya kupimia. Sukari walimkabidhi mkewe mlangoni kwa mikono miwili, kama watu wenye adabu zao. Futi hawakumkabidhi mtu. Ilibaki mfukoni mwa mzee wa kanisa, yule mkandarasi wa majengo, mpaka sala ya kufungua ilipokwisha na watu wakasema amina.

"Baba, tumepita kukuamkia tu," alisema Mkandarasi. "Tumesema tusikae kimya, tuone wazee wetu wanaendeleaje."

"Tunaendelea, mwanangu. Ni haya macho tu."

Presha ya macho ilikuwa imemla mchungaji kidogo kidogo. Ilianza pembeni ikaja katikati, hata sasa alichobakiwa nacho ni mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akikatiza mbele yake. Lakini masikio, ah, masikio yalikuwa mazima. Kwa hiyo aliposikia krrr kutoka dirishani, kisha pap, hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa amejenga makanisa matatu na mafundi. Futi anaijua.

"Mnapima nini?" mkewe aliuliza.

"Ah, Mama Mchungaji, dirisha tu. Mchungaji mpya anaulizia mapazia. Si kwamba mnahama, la hasha! Mambo ya Jumapili yakipita salama nani atawagusa? Ninyi ndio wazazi wetu." Krrr, pap. "Ila nyumba ni ya kanisa, Baba unalijua hilo kuliko mimi. Na kanisa likigawanyika, mali inabaki kwa walio wengi. Ndiyo maana tunasema, Baba simama na wengi. Ukisimama vizuri, na wale wanaositasita watakufuata. Ukisimama vibaya..." Hapo akaachia, akageuka. "Naomba nipite chumbani, Mama. Mara moja tu."

Jamani! Chumbani kwa wazee! Kitanda hakijatandikwa, na chini yake kulikuwa na ndoo ya mzee ya usiku, imefunikwa kwa sahani ya bati. Mama Mchungaji alijaribu kutangulia lakini mwenzake alikuwa na miguu mirefu. Aliingia, akairuka ile ndoo kama mtu anayeruka mfereji, akapima ukuta hadi ukuta, akatoka akimshukuru Mungu kwa vyumba vikubwa. Mama alibaki mlangoni amejishika kanga kifuani. Alikuwa amewazalisha wanawake wa kanisa lile, ameosha maiti zao, na hajawahi kuona aibu kama ile.

Jambo lenyewe la Jumapili lilikuwa hili. Mchungaji mpya na wazee wake walileta azimio kwamba wanaume wanaoishi na wanaume wenzao kama mke na mume, na wanawake vivyo hivyo, waondolewe kwenye meza ya Bwana, kwenye huduma na kwenye ushirika, wao na yeyote anayewafungulia mlango wake. Wengine wakasema meza ile si ya mchungaji wala ya wazee, ni ya mwenye karamu, na aliyealikwa hana ruhusa ya kumfukuza mwalikwa mwenzake. Basi kanisa likawa makanisa mawili chini ya bati moja. Kwaya mbili, maombi ya Jumatano mawili, hata mafagio yakawa mawili, maana akina mama wa upande huu wakishafagia, wa upande ule wanakuja kufagia tena.

Na aliyeyaanzisha yote, bila kusema neno, kila mtu alimjua, na katika nyumba ile hakuna mgeni aliyemtaja. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mchungaji. Walimwita Kitinda, kwa ukitindamimba wake. Ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Alikuwa akiishi na fundi wa majokofu, mtu mpole asiyejua hata kugombana na mteja. Miaka yote watu waliwaona, wakanyamaza. Siku moja wakaacha kunyamaza.

*

Wageni walipoondoka, sukari ilibaki mezani. Mama Mchungaji hakuifungua. Aliizunguka akipanguza meza.

"Tutakwenda wapi, Mzee?"

"Usinitie hofu, Mama."

"Nikutie hofu mimi? Hofu imeingia yenyewe na futi mkononi!"

Pa kwenda hapakuwepo. Binti yao mkubwa alikuwa na vyumba viwili na wakwe ndani yake, na mume wake alikuwa mmoja wa wale waliokuja na sukari wakabaki nje kwenye gari kwa kuona haya. Nyumba ile nyuma ya kanisa ndiyo mchungaji aliyoijua kwa vidole. Hatua kutoka kitandani hadi chooni, msumari wa kofia, kizingiti kilichopasuka. Ukimtoa hapo, anakuwa kipofu kweli.

"Tusimame na wengi," alisema mwishowe. "Dakika tano tu. Tusimame, tuhesabiwe, turudi ndani tufunge mlango."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mtu mzima."

"Sikuulizi umri wake."

"Mama, Mungu anaona moyo."

"Hicho ndicho kinachoniogopesha," alisema mkewe. Lakini alikubali. Wakakubaliana hivyo wote wawili, kila mmoja akitumaini mwenzake atakataa.

*

Sasa, kusimama huko kunahitaji maelezo, maana kulianzishwa na yeye mwenyewe.

Zamani, kanisa lilipogombana juu ya ngoma, kama ziingie ibadani au zibaki nje, walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mchungaji, kijana wakati ule, macho yake kama ya mwewe, aliona mambo. Aliona mikono iliyopanda nusu. Aliona mkono ulioshuka haraka tajiri wa kanisa alipogeuza shingo. Akachukia. Akasema, "Mkono hujificha nyuma ya bega la jirani. Miguu haina pa kujificha. Anayeamini jambo asimame nalo." Tangu siku hiyo kura ikawa ya miguu. Mchungaji anapanda mimbarani, anawatazama watu, anatangaza: wanaokubali waje kulia, wanaokataa waende kushoto. Na hakuna kukaa. Anayebaki kwenye benchi anaulizwa mbele za watu kama ni mgonjwa.

Kulia ni kwake yeye aliyesimama mimbarani, na huko ndiko kilikokuwa kinanda. Kushoto kwake ulikuwa mlango wa ofisi. Miaka ikaenda, watu wakazoea, kulia katika kanisa lile kukawa si mkono tena bali mahali. Ukimwambia mtoto kachukue kitabu kulia, anakwenda moja kwa moja kwenye kinanda, hata kama amekaa akitazama mbele na kinanda kiko kushoto kwake.

Walisimama hivyo juu ya ngoma. Wakasimama juu ya wanawake kuhubiri. Wakasimama juu ya wake wa pili, kama wapewe mkate na divai au wanyimwe. Kila mara walikuwepo waliotoka wanalia, na mchungaji alijiambia watarudi, na wengine walirudi kweli, na wengine alikutana nao sokoni wakageuza nyuso. Alijivunia sheria yake. Aliiona ni ya haki, maana inamtaka kila mtu awe jasiri kwa dakika tano.

Ila kitu kimoja alikuwa hajakifikiria hata siku moja, mpaka alipokaa kwenye kiti chake akiwaza ile futi. Katika kura zote hizo yeye hakuwahi kutembea. Alisimama mimbarani akihesabu, na mwenye kuhesabu hahesabiwi. Sasa amestaafu, ni mshirika kama washirika wengine, ana miguu miwili na fimbo, na Jumapili itambidi aitumie. Ndipo alipojua alichokuwa akiwafanyia watu. Akamwita mkewe amletee maji, na maji yalipoletwa hakuyanywa.

*

Kitinda alikuja Jumamosi mchana kupitia mlango wa nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akimtia baba yake dawa ya macho, maana mikono ya Mama ilikuwa inatetemeka na nusu ya chupa ilikuwa inaishia masikioni.

Mama alivuta pazia kabla hajamsalimu. "Umeonwa?"

"Shikamoo, Mama. Nimepita kwenye mfereji."

"Marahaba. Na mwenzako?"

"Yupo. Jana wamemmwagia oili chafu mlango mzima wa karakana. Anasema afadhali, bawaba zilikuwa zinalia." Alijichekesha peke yake. Hakuna aliyecheka naye, akaacha. "Baba, tazama juu."

"Natazama. Kuona ndiko sioni."

Vidole vya Kitinda vilimfungua kope kwa upole. Tone likaingia, likaunguza.

"Kesho usije, mwanangu," Mama alisema nyuma yake. "Nakuomba. Umwa. Watu huumwa Jumapili, si kosa."

"Nisipokuja watasema nimekubali."

"Waache waseme! Maneno makali hayavunji mfupa."

"Na mawe, Mama?"

Nje mtu alipita akikohoa, wote watatu wakashika pumzi mpaka viatu vyake vilipopotea. Ndivyo walivyokuwa wakiishi majuma hayo, wakisikiliza viatu vya watu.

"Baba," alisema Kitinda akifunga chupa, "kesho utasimama wapi?"

Dawa ilimtoka mchungaji ikateremka shavuni. "Mimi mzee. Nitakaa kwenye kiti changu."

"Hakuna kukaa, Baba. Wewe ndiye uliyesema."

Kitinda akaalisha vidole, ka, ka, ka, kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Ndiyo tabia yake tangu utotoni, kabla ya kuweka mikono kwenye kinanda au akiwa na woga.

"Acha kuvunja vidole," baba yake alisema, kama alivyomwambia maisha yake yote.

"Haya, Baba."

Alimpanguza shavu, akaondoka kwa njia ya mfereji. Hakuuliza tena. Mchungaji alikuwa na maneno mengi kifuani na hakuna hata moja lililopata mdomo. Aliogopa kupoteza nyumba. Aliogopa kumwona mkewe, mama wa watu, akilala sebuleni kwa wakwe. Na zaidi ya yote aliogopa kesho kuisikia sauti ya mtoto huyu ikitokea upande ambao yeye hayupo.

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Langoni kulikuwa na vijana ambao hakuna aliyewajua, hawakushika vitabu vya nyimbo, na mikono yao waliiweka nyuma. Mama Mchungaji aliwaona. Mumewe hakuwaona, lakini alihisi mkono wa mkewe ukimkaza.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Inua mguu, ngazi."

Alimketisha kwenye kiti chake cha heshima, mbele kabisa, akamweka sawa kola. "Ukisikia upande, nenda, usichelewe," alimnong'oneza. "Nitakukuta hukohuko." Kisha akaenda nyuma kwa akina mama, kiatu chake cha kushoto kikilia kwi, kwi, kama kilivyolia kila Jumapili tangu kiliponyeshewa. Alipokaa, wawili waliokuwa kwenye benchi lile walisogeza mikoba yao.

Mchungaji mpya hakuwa mtu wa mimbarani. Alikuwa akihubiri huku anatembea katikati ya mabenchi na kipaza sauti, na spika zilitundikwa kila kona, kwa hiyo kwa mtu asiyeona sauti yake ilitoka pande zote kwa mpigo. Alilisoma azimio. Akaomba. Akasema, "Tunafuata utaratibu wa baba zetu. Wanaokubali azimio, kulia. Wanaolikataa, kushoto."

Na akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea mlango wa ofisi. Alikuwa amesimama na watu, anatazama madhabahu kama wao, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kulia kwao. Kila mtu aliuona ule mkono. Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuuona, naye ndiye aliyewafundisha wote kwamba kulia ni kwenye kinanda.

Mabenchi yalikwaruza sakafu, watoto wakalia, spika zikavuma. Mchungaji mstaafu alisimama. Kulia, alijiambia, kulia, upesi, kabla hujasikia kitu kitakachokurudisha. Akatanguliza fimbo. Watu waliokuwa njiani walimpisha mmoja mmoja, na alidhani ni heshima. Alisikia mwanamke akisema "Yesu wangu!" na alidhani anaomba. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini miguu ilikwenda. Fimbo ikagonga mbao. Akapapasa, akakuta kitambaa cha kufunikia, na vumbi juu yake, maana hakikuwa kimefunuliwa kwa majuma mengi. Kinanda. Amefika. Akashusha pumzi. Nyumba imepona.

Ka, ka, ka.

Mchungaji akageuza sikio.

"Baba?" Sauti ya Kitinda ilikuwa karibu naye kabisa. "Baba, umekuja?"

Furaha iliyokuwa kwenye sauti ile! Mchungaji alishika ukingo wa kinanda asianguke. Sasa alisikia kila kitu. Alisikia kishindo cha umati upande wa pili, mbali, kwenye mlango wa ofisi, na jinsi hapa alipo palivyo patupu. Kulikuwa na watu wachache tu, mtu na pumzi zake. Akaelewa kosa lake lote kwa mara moja.

Spika zikacheka kidogo. "Wapendwa, mzee wetu amepotea njia. Wazee, msaidieni."

Kicheko kikapita kanisani, kicheko cha watu waliokuwa wameshtuka na sasa wamepumua. Viatu vizito vikaja. "Pole sana, Baba," alisema Mkandarasi, akamshika kiwiko. "Umekosea upande. Ni haya macho. Hakuna atakayekulaumu. Twende nikuvushe."

Na ni kweli, hakuna ambaye angemlaumu. Mlango ulikuwa wazi, ulikuwa umefunguliwa kwa heshima zote. Mchungaji alikuwa tayari ameinua fimbo.

"Nenda tu, Baba," Kitinda alisema polepole, ili watu wasisikie. Furaha yote ilikuwa imemtoka. "Si neno. Najua hukuona."

Laiti angelia! Laiti angekasirika! Lakini alikuwa anamsaidia baba yake kumwacha, kwa upole uleule wa kumtia dawa. Mchungaji alisimama na fimbo hewani. Watu walioona wanasema alikuwa anatetemeka mpaka kitambaa cha kinanda kilitetemeka naye.

"Niachie mkono," alisema.

"Baba, huku siko..."

"Najua siko. Nilikuwa nakuja kwenu." Akageuza uso kuelekea umati. "Sikilizeni. Nilikuwa nakuja kwenu, kwa sababu naogopa. Nimekosea njia. Basi niacheni hapahapa nilipokosea."

Hakuna aliyecheka tena. Kanisa lilinyamaza kabisa, na katika ukimya ule kikasikika kiatu. Kwi. Kwi. Kilitoka upande wa ofisi, kikakatiza mbele ya madhabahu, hakikukimbia wala hakikuchelewa. Mchungaji alijikaza. Alijua amekuja kumchukua, na kama yeye akimvuta, hatakuwa na nguvu ya kumkatalia.

"Una wazimu wewe?" Mama Mchungaji alimnong'oneza usoni. "Leo tutalala wapi?"

"Sijui, Mama."

"Hujui."

"Sijui."

Akamsikia akivuta pumzi. Akamsikia akigeuka kumtazama mtoto wao.

"Samahani, Mama," alisema Mkandarasi, maana ndiye aliyekuwa mhesabu. Sauti yake haikuwa na sukari tena. "Watu wanangoja. Wewe nikuhesabu wapi?"

Mkoba ulitua juu ya kinanda, pu, vumbi likaruka.

"Hesabu," alisema Mama Mchungaji kwa nguvu, mpaka nyuma wakasikia. "Huyu mwanangu. Huyu baba yake. Na mimi niliyewapokea nusu yenu mikononi mwangu mkizaliwa. Ukishatuhesabu, uende ukamalizie nyumba. Jiko hukulipima."

Kisha akaupapasa mkono wa mumewe, akaushika. Wake ulikuwa wa baridi, umeloa jasho, unatetemeka kuliko wa mzee. Mhesabu alisogea kwa mtu aliyefuata. Huko nje, langoni, wale vijana walikuwa bado wanangoja.